Kanali Alivyosukwa Nusu Kichwa

Mvua ilikuwa imekatika kwa robo saa nzima, na hapa kwetu Quibdó robo saa bila mvua ni kiangazi, kwa hiyo benchi la kahawa la Doña Ruperta pale gatini lilikuwa limejaa. Tulikuwa wanne tu, lakini Nyundo peke yake anakalia nafasi ya watu watatu. Mimi Plagi, ninayetengeneza injini za nusu ya boti za mto Atrato bila kushukuriwa na mtu, nilikuwa nimekalia tako moja.

Redio ya Doña Ruperta inaning'inia kwenye msumari juu ya chupa za chai zake. Ilipofika saa nane mchana ikatangaza: chekechea ya mtaa wetu wa Las Mojarras imepata mwombaji wa nafasi ya mwalimu wa watoto wadogo, mwombaji huyo ni mwanaume, na wazazi na walezi wote wakutane leo saa kumi jioni wamkubali au wamkatae.

"Zima hiyo redio!" Kanali akafoka.

"Redio yangu, umeme wangu," Doña Ruperta akamjibu. "Wewe zima masikio."

Kanali hajawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Alikuwa karani wa posta. Cheo tulimpa sisi, kwa sababu ya sauti yake na ule msitu wa nywele nyeupe ambao hajaukata tangu afiwe na mkewe. Ana mjukuu pale chekechea, Nayibe, wa miaka minne na nusu. Mama yake Nayibe anafanya kazi mbali, huko Cali, kwa hiyo mlezi ni Kanali, na kura ni ya Kanali.

"Mwanaume!" akasema. "Mwanaume gani mzima anaamka, ananyoa ndevu, anakwenda kufuta watoto wa watu makamasi?"

"Mwanaume mwenye kazi," nikamwambia. "Wewe unaamka, unanyoa, unakuja hapa."

"Plagi, usiniudhi."

"Tuache utani," akaingia Asilimia. Huyu anauza tiketi za bahati nasibu na ana takwimu ya kila kitu. "Utafiti unaonyesha asilimia tisini na saba ya wanaume hawawezi kubembeleza mtoto akalala."

"Utafiti wa nani?"

"Wa huko Uswisi."

"Na watoto wako watano ulikuwa unawalazaje?" Doña Ruperta akamuuliza.

"Sijui, mama. Sikuwepo nyumbani. Ndiyo hiyo asilimia tisini na saba yenyewe."

Kanali akapiga meza, kahawa ikaruka. "Sikilizeni! Siku mkono wa mwanaume utakapomlaza mtu hapa Quibdó, nitasimama mbele ya wanawake wote wa mtaa na kusema nilikuwa mjinga."

"Hilo la mwisho wanalijua," akasema Doña Ruperta, akafuta meza.

Nyundo alikuwa kimya. Kwa kawaida si msemaji, lakini siku hiyo alizidi. Alikuwa kwenye kikombe cha tatu, na kikombe kwenye mkono wa Nyundo hukioni. Miaka ishirini anapakua magunia ya ndizi gatini, kiganja chake ukikitazama unadhani ni kasia.

"We Nyundo, mbona huna la kusema?" nikamchokoza. "Unamuwaza yule wa Istmina?"

Wote tukacheka. Huyo wa Istmina tunamjua bila kumwona. Mwaka na nusu sasa, kila Jumamosi alfajiri Nyundo anavaa shati lililopigwa pasi, anapanda gari la Istmina, anarudi usiku amechoka hoi, macho mekundu. Hakutuambia kitu, ila sisi si watoto. Kila Ijumaa tunachanga tunamnunulia bilauri ya juisi ya borojó, ile nzito inayorudisha nguvu za kiume, asije akatuaibisha ugenini.

Nyundo akaweka kikombe chini. "Hakuna mwanamke Istmina."

"Kakuacha?" Asilimia akaruka. "Asilimia themanini huwa wanarudi, vumilia."

"Hajawahi kuwepo. Kule kuna chuo. Nimesomea ualimu wa watoto wadogo. Huyo mwanaume wa kwenye redio ni mimi."

Kanali mdomo wazi. Asilimia akatafuta namba, akaikosa.

"Na borojó zetu?" ndilo neno lililonitoka.

"Zilinisaidia sana, ndugu yangu. Saa nane mchana darasani usingizi unaua."

"Doña Ruperta, na wewe ulijua?"

"Shati unadhani lilikuwa linajipiga pasi?"

"Mlikuwa wangapi humo darasani?" Asilimia akauliza, sauti ya chini.

"Thelathini na wawili. Wanawake thelathini na mmoja, na mimi."

"Mama yangu! Na hukupata hata mmoja?"

"Nilipata cheti."

Kanali akarudiwa na sauti. "Mwaka na nusu! Tunakunywa kahawa chupa moja, unatuficha! Kwa nini hukusema?"

"Mngecheka."

"Tungecheka, ndiyo!"

"Basi."

"Mlimcheka Seño Domitila pia," Doña Ruperta akasema, na sasa hakuwa anatania. Seño ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike, na Domitila ndiye mkuu wa chekechea. Kwa miaka mingi alilea watoto wa mtaa sebuleni kwake kabla haijajengwa. "Alipokwenda kusoma na miaka hamsini na nne, nani alisema atafia kwenye mtihani? Si wewe, Kanali? Alirudi na cheti, wewe ukabaki na kikohozi."

"Hilo ni jingine. Domitila ni mwanamke, ana mikono ya watoto. Nyundo, mwanangu, nakupenda, lakini tazama hiyo mikono. Mikono ya magunia. Kura yangu hupati."

Nyundo aliitazama kweli mikono yake. Kisha akasema, taratibu, "Kanali, unaikumbuka ile karatasi ya mkaguzi?"

Kanali akabadilika uso. Sisi hatukujua karatasi yoyote.

"Siku ile nilikuwa napeleka ndizi jikoni kwa Seño Domitila," Nyundo akaendelea. "Mkaguzi alitoka Bogotá na picha zake. Nayibe alikuwa na miaka mitatu. Akaonyeshwa stroberi. Hajui. Akaonyeshwa treni. Hajui. Treni, Kanali! Nani hapa ameona treni? Yule mama mkaguzi akaandika kwamba mtoto amechelewa kukua. Na Nayibe amesimama hapo dirishani, anaona kikapu cha mchuuzi nje, anataja mmoja mmoja: bocachico, dentón, guacuco, kambare... Samaki kumi na mmoja! Nilihesabu na gunia begani. Hakuna aliyeandika hata mmoja. Niliumia, sikufichi. Nikasema lazima awepo mtu mle ndani anayejua watoto hawa wanajua nini. Sikumwona wa kumtuma. Nikapanda gari."

Kanali alikuwa anachezea kijiko. "Ile karatasi niliichoma," akasema. "Sikumwambia hata mama yake." Akakiweka kijiko chini. "Samaki kumi na mmoja?"

"Kumi na mmoja."

"Mimi nawajua tisa," nikasema, na ni kweli, nami nimezaliwa mtoni.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza Asilimia. "Cheti anacho."

Nyundo akashusha pumzi. "Kina mama wameweka sharti. Mnajua pale chekechea mtoto harudi nyumbani kichwa timtim. Akiamka usingizi wa mchana anaoga, anasukwa. Wanasema mwanaume hawezi. Saa kumi, mbele yao wote, nimsuke mtoto mmoja. Akilia, nafasi imekwenda."

"Na unajua kusuka?"

"Nimefanya mazoezi kwenye kamba za gatini. Na kwenye mdoli. Kichwa cha mtu anayepumua, bado."

"Bado!" Doña Ruperta akashika kiuno. "Saa nane na nusu hii!"

Hapo tukaanza kutazamana vichwa. Mimi kipara tangu nikiwa na miaka thelathini. Asilimia amenyoa kwa wembe. Doña Ruperta akakaza kilemba chake: "Kichwa changu hakijaguswa na mwanaume tangu marehemu, na hakianzi leo." Nyundo hawezi kujisuka mwenyewe kwa mikono ile nyuma ya shingo. Macho yote yakaenda kwa Kanali, kwenye ule msitu.

"Msinitazame hivyo."

"Kanali..."

"Nimesema msinitazame! Mtumishi mstaafu wa posta, nisukwe hadharani, kwenye kahawa, mbele ya gati zima? Nife kwanza!"

"Nani anamchana Nayibe asubuhi?" Doña Ruperta akamuuliza.

Kanali akachukua tena kijiko chake.

"Mimi nawaona mkipita hapa, Kanali. Mtoto ana kiota kichwani. Wenzake wasije wakamcheka, Domitila anamwingiza chooni kimyakimya anamtengeneza upya kabla hawajamwona vizuri. Domitila ana watoto arobaini na magoti mabovu. Mpaka lini?"

"Nikimgusa analia!" Ilimtoka kwa nguvu mpaka wapakuzi gatini wakageuka. "Namchana polepole, analia. Naweka mafuta, analia. Anamwita bibi yake. Mnataka nifanye nini? Nami nalia, basi! Tunalia wawili, tunakwenda hivyo hivyo!"

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, na mimi nacheka misibani.

Kanali akavuta kiti, akakigeuzia mto, akakaa kama anakwenda kunyongwa. "Mkimwambia mtu, nawamaliza," akasema. "Ukiniumiza, Nyundo, kura yangu ni hapana mara mbili."

Nyundo akanawa mikono. Akaipasha moto kwenye chupa ya chai, kwanza moja, kisha nyingine. Doña Ruperta akatoa kitana na mafuta ya nazi. Na yale makasia ya mikono yakaingia kwenye ule msitu mweupe, nami nikafumba macho nisione mauaji.

"Haya, Kanali," Nyundo akasema, na sauti yake haikuwa ile ya gatini. "Naanza hapa mbele. Nikivuta sana unaniambia. Unajua huko mbele kunaitwaje? Hapa ni Quibdó. Sasa tunashuka na mto. Hapa Beté. Hapa tunapakia ndizi..."

"Mimi si mtoto," Kanali akanung'unika.

"Najua. Hapa tunapita Bellavista, maji yametulia..."

Mstari wa kwanza ukanyooka kama umepigwa rula. Wa pili. Kanali alianza kwa kutoa amri: kaza, legeza, siyo hapo. Mstari wa tatu amri zikapungua. Wa nne nikasikia kitu, nikadhani ni injini ya boti ina hitilafu, nikageukia mtoni kwa mazoea ya kazi. Ilikuwa Kanali. Kidevu kifuani, anakoroma.

"Yesu na Maria," Doña Ruperta akanong'ona.

Saa kumi kasorobo. Nusu kichwa mistari, nusu msitu. Nikanyoosha mkono nimwamshe, Nyundo akaweka kidole mdomoni kwake. "Aliyelala haamshwi ghafla, anaamka na hofu. Tulifundishwa hilo muhula wa pili." Akamfunika kwa gunia safi, akachukua kitana, akaenda kwenye mtihani wake. Mimi na Asilimia tukamfuata. Doña Ruperta akabaki kulinda usingizi.

Chekechea ilikuwa imejaa. Kina mama arobaini kasoro mmoja, mikono imekunjwa, nyuso kama wanadai nauli. Seño Domitila akaketi mbele na magoti yake. "Nani atakuwa wa kusukwa?" akauliza. Kina mama wakajibu kwa pamoja, nao hawakuwa na huruma: "Nayibe!" Kichwa kigumu kuliko vyote mtaani. Mtoto akaletwa na kiota chake, ambacho siku hiyo hakikuguswa kwa ajili ya mtihani, mdomo tayari umeanza kutetemeka.

Nyundo akapiga magoti mpaka akalingana naye. Akasugua viganja vipate moto. "Naanza hapa mbele," akasema, ila sauti ilimkatika, na Nayibe akavuta pumzi ya kulia. Nikajisemea, basi, borojó zote zile bure.

Mlango ukapigwa teke. Mvua ilikuwa imerudi na ndiyo iliyomwamsha: Kanali, maji yanamchuruzika, upande wa kulia mistari inang'aa kwa mafuta, upande wa kushoto kichaka. Ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko.

"Chekeni," akasema. "Chekeni mmalize, nina la kusema." Wakamaliza. "Leo mchana nilisema mwanaume hawezi kumbembeleza mtu akalala. Nilisema nikikosea nitakuja hapa niseme nilikuwa mjinga. Kina mama, mimi tangu mke wangu afe usingizi wa mchana siujui, na wa usiku ni wa kuokoteza. Leo nimelala. Kwenye kiti cha mbao, gatini, mpaka nikatoa mate." Akafuta uso, inawezekana ilikuwa mvua. "Nilikuwa mjinga. Na huyo mtoto ni wangu, kwa hiyo najua ninachokipigia kura."

Nayibe hakuwa anasikiliza hotuba. Alikuwa amemwinamisha babu yake na anapitisha kidole kwenye mstari mmoja, kutoka mbele mpaka nyuma.

"Uliumia, Babu?"

"Hapana."

"Ulilia?"

"Nilikoroma."

Mtoto akafikiri kidogo, akarudi, akampa Nyundo mgongo. "Haya," akasema.

Akamsuka. Walishuka mto wote, wakapita Beté, wakapita Bellavista, na njiani Nayibe akawa anamtajia samaki. Siku hiyo walifika kumi na wanne. Seño Domitila akasema anayekubali anyooshe mkono, mikono ikanyooshwa yote, na Asilimia akahesabu mara mbili kwa sababu hakuamini. "Arobaini kwa arobaini," akasema. "Asilimia mia." Ndiyo takwimu yake ya kwanza ya kweli tangu nimjue.

Watu walipoanza kutoka, Kanali akajisogeza kwa Nyundo, akasafisha koo, akajishika ule upande wa kichaka.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "na huku je?"

Kabla Nyundo hajajibu, Nayibe alimtazama babu yake juu mpaka chini, akamwonyesha sakafu kwa kidole.

"Kesho asubuhi, Babu. Unapanga foleni hapa, nyuma yangu. Na usilie."