Ombi la Kutambuliwa Rasmi Kuwa Tishio kwa Msitu

Kijiji cha Galimata,
New Britain, Papua New Guinea.

Kwa Meneja wa Kampuni ya Hewa Ukaa, Port Moresby.

Ndugu Meneja,

Natumaini u mzima, wewe na vijana wako waliokuja kuhesabu miti yetu mwezi wa Mei. Mimi ni Roselin Gelu, mlinzi wa ardhi ya ukoo wa mama yangu. Mliniandikia kwamba msitu wangu haustahili malipo yenu, yale mnayowapa watu wasikate miti, kwa sababu hauko hatarini. Nimeisoma barua yenu mara nne na nimekubali kwamba kosa ni langu. Naomba kulirekebisha, kwa hoja hizi:

1. Shemeji yangu Kaspar Lavo, ambaye ardhi ya ukoo wake inapakana na yetu, aliwaita watu wa magogo wakafyeka nusu ya msitu wake. Nusu iliyobaki alikuwa mbioni kuiuza, ndipo mkaja ninyi mkamlipa asiiuze. Sasa ana bati jipya na injini ya boti, na kanisani anaketi mbele. Juzi alinikuta nachimba magimbi akaniambia, "Shemeji, huo wema wako utaula na nini? Mimi nimekata, nimelipwa. Nimeacha kukata, nimelipwa tena! Wewe kaa na ndege wako hao hondohondo." Nilichimba magimbi mpaka jioni, hata yasiyokomaa.

2. Kijana wenu Trevor aliniuliza, kupitia kwa mkalimani, kama nimewahi kuwa na mpango wa kukata miti. Nikasema hapana. Akaandika sifuri. Hakuna aliyenionya kwamba ule ulikuwa mtihani.

3. Mama alipofariki, ukoo ulifunga makuti kwenye njia ya msituni, kama ilivyo desturi yetu. Shoka haliingii mpaka ifanyike karamu ya kumaliza msiba, na karamu ya mtu kama mama inataka nguruwe thelathini. Mimi ninao wanne, mmoja mgonjwa. Kwa hiyo msitu umefungwa mwaka wa kumi na moja sasa. Trevor aliyapiga picha yale makuti, akasema, "Mama, hii ni safi sana!" Kisha akaandika kwamba msitu tayari unalindwa na mila, hivyo fedha zenu hazitaongeza kitu. Kumbe kumheshimu marehemu ni kasoro kwenye fomu. Iliniuma, sitaficha.

4. Kwa barua hii natamka kwamba nimeharibika. Nakusudia kukata kila mti, kupanda michikichi, na mabaki kuyafanya vijiti vya kuchokonolea meno. Mazoezi nimeshaanza. Kila asubuhi nautazama msitu kwa jicho baya, na Jumanne nilimkaripia hondohondo bila sababu yoyote. Mchungaji amekubali kuniandikia barua ya tabia mbaya. Akina mama wa kwaya watashuhudia kwamba sina huruma, isipokuwa Mama Sera, ambaye anasema hawezi kusema uongo. Huyo msimhoji.

5. Kama hayo hayatoshi, nileteeni mtishiaji wenu wenyewe. Aje na msumeno wa injini, aungurumishe kando ya msitu siku mbili, apigwe picha, arudi zake. Chakula na malazi ni juu yangu. Ikilazimu mti mmoja uanguke kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi, nitauchagua mwenyewe. Upo mmoja uliokwisha kufa.

6. Hili la mwisho halina mzaha. Wanangu Benedik na Tomas wamechoka. Watu wa magogo wamewaachia karatasi ya mkataba, na Benedik aliniambia tukiwa tunakula, "Mama, miaka yote unalinda, unalinda, tumepata nini? Tia sahihi tumalize." Hawawezi kunilazimisha, maana kwetu ardhi hutoka kwa mama. Lakini binti sina, na nina miaka sitini na nane, na siku nikifumba macho, kalamu watashika wao. Naogopa, Ndugu Meneja. Naogopa kweli. Hatari mliyoitafuta msituni kwangu siku tatu, mlikuwa nayo nyumbani. Ndiyo iliyowapakulia samaki mkasema asante.

Kwa hiyo naomba mniandikishe mimi kuwa tishio la uongo, mnilipe, kabla wanangu hawajawa tishio la kweli. Naamini hata kwa hesabu zenu hilo ni nafuu.

Wasalimie wote hapo ofisini, na Trevor na mguu wake uliong'atwa na ruba, na yule mkalimani aliyependa uji wetu wa sago. Huku wote hawajambo. Kaspar naye anawasalimu, kwa sauti kubwa.

Wako katika uharibifu,
Roselin Gelu
(Mwombaji wa nafasi ya Tishio)

Tanbihi: Mkija kunikagua, tafadhali msikatize kwenye ile nusu aliyofyeka Kaspar. Nimepanda humo miche mia tatu ya kwila, ule mti mgumu uliokuwapo zamani, na bado ni midogo, inakanyagika. Huwa naenda kuipalilia akiwa amekwenda kuvua. Yeye anadhani imejiotea, na nasikia ameshawaandikia mumwongezee malipo. Msimwambie. Mlipeni tu, asije akaing'oa.