Misukosuko Rasmi ya Mto wa Mwamapalala

Ilitangazwa mjini Bariadi, mwaka wa tisini na tano, kwamba kuanzia siku hiyo maji yatakayozunguka nguzo za daraja la Mwamapalala yatazunguka kitaalamu. Soko la pamba lilikuwa huria, malori ya wanunuzi binafsi yalipishana kutwa, na wakubwa hawakuona kwa nini misukosuko ya maji iendelee kuendeshwa kienyeji.

Kristofa Masele akateuliwa Mratibu wa Misukosuko. Alipewa kompyuta ya wafadhili, vipimo vitatu vya kufunga kwenye nguzo, na kiti kinachozunguka. Tangu Juni hadi Oktoba akakusanya takwimu elfu arobaini. Kompyuta ikazimeza zote, ikatoa jibu: huu ni mto mtulivu kuliko yote.

Nyanjige, mkulima wa mpunga kando ya daraja, akamfuata ofisini, akamwamkia Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Hivyo vyuma vilipima nini? Kiangazi mto hauna maji. Mbuzi walilala humo."

"Mayu, mama yangu, mashine haiangalii mbuzi. Inaangalia mwelekeo."

"Masika nilichomeka fito ndefu miguuni mwa nguzo, ikazama yote. Maji yanazunguka pale, yanafukua mchanga. Nguzo inaning'inia."

Kristofa alikulia mto uleule; moyoni alijua mama anasema kweli. Lakini taarifa ilikwisha kugongwa muhuri. Akamshukuru kwa mchango wake, akazunguka na kiti mara mbili.

Desemba mvua ikanyesha siku nne. Mkurugenzi wa wilaya, Method Luhaga, akavuka asubuhi kwa gari pamoja na Kristofa, akahutubia ng'ambo kuhusu utulivu, wanafunzi waliovuka naye wakaimba. Alasiri mto ulikuwa umefura. Wanafunzi walipotaka kurudi kwao, Nyanjige akasimama mbele ya daraja, mikono ameitanua.

"Hapiti mtoto hapa."

Mkurugenzi akacheka. "Kristofa, tunavuka?"

"Takwimu zinaruhusu, mheshimiwa," akajibu Kristofa, kisha akashuka garini kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Gari lilipofika katikati, nguzo ikainama taratibu kama mkwe anayesalimia. Dereva akaruka, akakimbia akarudi. Mkurugenzi akatumbukia, akaikumbatia nguzo, maji yakimzunguka kifuani kwa kasi ambayo haikuwamo kwenye taarifa.

"Mratibu! Fanya kitu!"

Kristofa akamkimbilia Nyanjige, akapiga magoti topeni. "Mayu, nilijua. Nilijua, nikanyamaza."

"Utalia baadaye. Kamata kamba."

Wachungaji walikuwa wamekwisha kuleta kamba za ng'ombe. Wakavuta, Kristofa mbele, viganja vikichubuka, hadi Mkurugenzi akatoka bila viatu. Nyuma yake daraja likaondoka na gari lake.

Wakakwama huko wote, wakila michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa Nyanjige. Siku ya tatu Mkurugenzi, amejifunga khanga ya mwenyeji wake, akateremka ukingoni.

"Mayu, leo tunaweza kuvuka kwa miguu?"

Nyanjige akaingia majini hadi magotini, akapapasa mchanga kwa mguu.

"Bado."

"Sawa, mayu," akasema Mkurugenzi, akarudi kuketi na watoto.