Sahani ya Naoko

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu.

Mnamjua Naoko, yule Mjapani ninayesoma naye chuoni? Leo alikuja kwetu Newburg, mtaa tuliohamia huku ughaibuni, kwa mara ya kwanza. Kumbe ndiyo siku wanamaombi wa kanisani wanakuja kusali kwetu, zamu ya kwanza ya mama tangu tuhamie. Wiki nzima mama hakulala vizuri, akiwaza chakula kisije kikapungua. Alipika sufuria kubwa ya ndizi na nyama ya mbuzi.

"Huyo rafiki yako anakula sana?" akaniuliza.

"Naoko? Mama, yule hata sahani ya mtoto haimalizi." (Mimi na mdomo wangu.)

Mama akampakulia. Naoko akakaa wima, akala taratibu, akamaliza mpaka mchuzi. Sasa mama hawezi kuona sahani tupu mbele ya mgeni. Kwake hiyo ni njaa inayoona haya kusema. Akaongeza. Naoko akainamisha kichwa, akashukuru, akamaliza. Mama akaongeza tena.

Mimi jicho kwenye sufuria. Ndizi zinashuka, wanamaombi wako njiani.

"Mama, ameshiba," nikanong'ona.

"Angeshiba angebakiza. Unataka akatutangaze huko chuoni?"

Alipoingia jikoni, nikamwuliza Naoko kwa Kiingereza kama yuko salama. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Kwetu kubakiza chakula ni kumdharau aliyepika," akasema. "Tafadhali, mama yako ataacha lini?"

Kabla sijajibu, mama akarudi na nyama, na mlango ukagongwa. Wanamaombi wakaingia wakamkuta Naoko amejikunja, ameshika tumbo, machozi yanamlengalenga.

Mchungaji wetu ni Mkongomani wa Bukavu, Kiswahili chake kina Kifaransa ndani, na hana kusubiri. "Bon, huyu mutoto iko na maumivu. Tumuombee."

Mikono ikamfunika kichwani na mabegani. Naoko akanitazama. Nikafungua mdomo niseme ukweli, mama akanikata jicho. Nikafumba macho, nikaomba nami (kwa dhati kabisa, kwamba mama asiaibike).

Wakakemea. Wakapiga makofi. Katikati ya kukemea, Naoko akacheua. Mcheuo mrefu, wa kutoka chini kabisa.

"Limetoka!" akasema dada mmoja wa kwaya, na watu wakashangilia. Naoko naye akatabasamu, kweli amepata nafuu.

"Donc, mama, sasa tukule," mchungaji akasema, akafunua sufuria mwenyewe. Akaitazama sufuria. Akamtazama Naoko. Kisha akanitazama mimi, na mama naye akanitazama mimi, kana kwamba mbuzi nimemla peke yangu. Ikabidi niseme yote mbele za watu, mpaka ule ugonjwa tuliouombea ulikuwa nini.

Wamekunywa chai na mkate wa dukani, wakaondoka mapema. Mama amevuliwa nguo, na aliyemvua ni mimi.

Sasa hivi Naoko ameniandikia. Amefurahi sana, hakujua kwamba kwetu mgeni akishiba anaombewa. Na Jumamosi anatualika kwake, mimi na mama. Atapika yeye.

Nimejaribu kumweleza mama ile habari ya kubakiza. Amesema hafundishwi adabu na mtu aliyemmalizia sufuria, na kwamba huko Jumamosi atamwonyesha mgeni mstaarabu anavyokula: anaacha nusu sahani.

Msinicheke. Niombeeni.