Ndimu Kwapani

Jumatatu, 6 Machi 1978. Jumamosi tena salongo, kazi ya lazima ya umma! Kufukua mitaro ya mtaa wetu wa Tshopo kwa amri ya Chama. Amuri, jirani yangu na mkuu wa avenyu, kaniweka mbele kabisa. Kisasi! Niliwahi kumwandikia kwamba firimbi yake ya kusimamia salongo ina akili kuliko yeye.

Nimeazima kitabu cha udaktari. Ajabu! Umeme wa moyo huanzia juu, hupita katikati penye mlango mwembamba, ndipo ushuke chini. Uzee, homa au dawa fulani huharibu mlango. Juu hupiga, chini hakusikii. Ugonjwa wa watu waliosoma. Nimeuchagua wa kusingizia.

Jumanne, 7 Machi. Dispensari. Ndimu kwapani, chini ya koti langu la abakosi. Muuguzi Sikujua kanishika mkono apime mapigo, nikaibana ndimu. Mapigo yakapotea! Akapiga kelele: tonton, uko mufu ama uko muzima? Kaandika: Alhamisi hospitali kubwa, kwenye mashine ya kupima moyo. Jembe marufuku. Ushindi!

Alhamisi, 9 Machi. Aibu. Amuri kanibeba mwenyewe kwa baiskeli. Nilikataa. Akasema bon, kichwa yako inagombana sana, sasa moyo imechoka, panda. Alihema njia nzima. Mlangoni pa hospitali akaanguka kama gunia.

Walimlaza kwenye kitanda nilichowekewa mimi, wakamfunga nyaya zangu. Mapigo thelathini na mawili! Daktari kaeleza: juu panaamrisha, kovu limeziba katikati, amri haifiki, chini panajipigia polepole penyewe. Nilidhani anaeleza wizara ninayofanyia kazi. Tangu Desemba Amuri alikuwa akizimia na kuficha, asikose salongo.

Zamu yangu. Nilivua abakosi. Ndimu ikabingirika hadi kiatu cha daktari. Akaiokota. Papa, akasema, moyo yako iko ya kijana. Ndimu pia iko mubichi.

Ijumaa, 10 Machi. Kesho Amuri anasafirishwa Kinshasa. Huko atawekewa kifaa cha kuupigisha moyo. Mkewe, Madina, kaja na samaki wa wavuvi Wagenia. Alilia. Bila ugonjwa wako, papa, mume wangu angefia njiani. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Samaki akaingia.

Jumamosi, 11 Machi. Alfajiri, kabla ya kupanda ndege, Amuri kaniachia firimbi yake niongoze salongo. Eti wewe tu ndiye ninayekuamini. Niliishika, machozi yakanitoka. Nimeapa: sitasingizia moyo tena maishani.

Salongo nimeiongoza kwa firimbi nikiwa nimelala. Mgongo. Umenishika ghafla, saa moja kamili asubuhi. Kitabu kina sura nzima kuhusu mgongo, na hakitaji mashine yoyote.