Ombi la Familia Yangu Kuhamia Ghalani kwa Sababu za Usalama

Kibaigwa.

Kwa Meneja Mkuu,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dodoma Mjini.

Mheshimiwa Meneja,

Shikamoo. Mimi ni Yasinta, mke wa Obedi, yule mpakiaji mrefu. Mimi mwenyewe ni mchambuaji wa mahindi katika ghala lako la hapa Kibaigwa. Niko likizo ya uzazi na Jumatatu narudi kazini. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo ukikuta nimekosea heshima mahali, ujue ni kalamu, si moyo.

Kwanza hongera kwa kibao. Tangu mlipoweka pale getini kile kibao kikubwa cha SIKU BILA AJALI, na mkaahidi kwamba kikitimiza mwaka mzima mtatuchinjia ng'ombe, ghala limebadilika kabisa. Hakuna anayeumia tena. Mtu akipigwa na kitu, wenzake wanambeba mbiombio huku wakimbembeleza, "Usilie hapa, mwenzetu, jikaze! Utalia nje!" Akishavushwa geti ndipo anaruhusiwa kulia, na msimamizi wetu, Bwana Bartolomayo, anaandika kwamba ameumia nyumbani kwake. Kibao kinaongezwa siku, kazi inaendelea, lori halisubiri. Nadhani huo ndio ufanisi tuliofundishwa kwenye ile semina ya soda.

Lakini Mheshimiwa, ghala likizidi kuwa salama, nyumba zetu zinazidi kuwa hatari. Hayo ndiyo malalamiko yangu, na nayapanga hivi:

1. Mume wangu Obedi alikanyagwa mguu na foklifti ya kubebea magunia. Taarifa inasema alianguka kitandani. Sisi hatuna kitanda, tunalala kwenye godoro, chini. Kule zahanati nesi aliutazama mguu, akanitazama na mimi, akauliza, "Mama Anitha, hilo godoro lenu lina matairi?" Niliporudi nililikagua godoro pande zote, sikuona kitu. Tangu hapo nalala nimempakata mwanangu Anitha kifuani, maana sijui litaondoka saa ngapi.

2. Dada Joha, mshonaji wa magunia, alitobolewa kidole na sindano ya mashine. Ikaandikwa kwamba alikuwa nyumbani akishona pazia. Sasa majirani wanapiga hodi kila jioni, wanataka kuliona hilo pazia. Dirisha la Joha limezibwa kwa gunia, na gunia lenyewe ni la kwenu. Amebaki anawafukuza: "Nendeni zenu, pazia liko kwa fundi!"

3. Meshack aliangukiwa na magunia ya mahindi akiwa, kwa mujibu wa taarifa, jikoni kwake. Meshack ni kapera, jiko lake ni mama lishe wa stendi. Mtendaji wa kata aliposikia kuna mtu ana magunia mengi nyumbani kiasi cha kumwangukia, alikuja na mgambo kutafuta mahindi yaliyofichwa. Walipekua mpaka ndani ya ndoo. Meshack, bandeji kichwani, anawaambia, "Tafuteni vizuri, ndugu zangu. Mkiyapata mnigawie, sijala tangu asubuhi."

4. Mwenye nyumba wetu, Mama Mwanasha, anataka tuhame. Anasema nyumba yake aliijenga kwa mikono yake na haijawahi kuvunja mtu mguu, mpaka tulipoingia sisi watu wa ghala. Na wapangaji wapya hawaji. Wakisikia humo ndani kuna mtu alivunjwa na godoro, wanashukuru kwa adabu na kuondoka.

Sasa nirudi kwenye yale magunia ya Meshack. Yalitoka kwenye lile rundo la kona, mlilosema lipandishwe hadi karibu na bati ili kuokoa nafasi. Tangu pembe yake imwagike huko jikoni kwa Meshack, rundo limeinama. Limeinamia pale tunapokaa sisi wanawake wa kuchambua, na mahali pangu ni hapohapo. Wenzangu walimwomba Bwana Bartolomayo alishushe. Akawajibu, "Halijaanguka hilo, limeegemea tu. Kwani nyie mkichoka hamwegemei? Na tukilishusha, makao makuu watauliza kwa nini, na sisi hatuna ajali hapa." Mama mmoja akamwambia, "Basi njoo ukae wewe hapa chini, baba, uchambue kidogo." Akakumbuka ana simu ya kupiga.

Nimelifikiria jambo hili nikinyonyesha, maana ndiyo nafasi ninayopata, nikaona kosa ni letu. Tunaishi mahali pabaya. Kwa hiyo naomba:

(a) Familia yangu ihamie ghalani. Hatutaki sehemu kubwa. Tupewe palepale chini ya rundo linaloegemea, kwa sababu kibao chenu kinashuhudia kwamba pale hajaumia mtu.

(b) Wajawazito wote wa Kibaigwa wahamishiwe hapo, pamoja na wazee na watoto wanaovuka barabara ya Dar es Salaam kila siku kati ya malori. Wote hao wanahangaika nje bure, na usalama upo, umefungiwa ndani.

(c) Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, umlete mama na watoto wakati wa likizo. Dodoma Mjini kuna magari mengi, kuna ngazi za ghorofa, kuna majiko ya gesi. Siwezi kulala vizuri nikijua familia yako iko nyumbani, mahali ambapo kwa taarifa zenu wenyewe ndipo watu wanapovunjika. Tutawatandikia mkeka karibu na wetu, na mlenda nitapika mimi.

Nina matumaini makubwa kwamba utanijibu kabla ya Jumatatu, maana nasikia wewe ni mtu unayesoma barua mpaka mwisho.

Nisalimie mama nyumbani, na awe mwangalifu huko. Msalimie katibu muhtasi wako, dereva wako, na yule mtaalamu wa semina. Obedi anakusalimu, amenyoosha mguu. Joha anakusalimu kwa mkono wa kushoto.

Mfanyakazi wako mtiifu,
Yasinta Chilongani.

Nyongeza: Mheshimiwa, ukikubali, mimi na Obedi tutahama siku hiyohiyo. Ila Anitha hatakuja. Nimeshampigia mama yangu kule Haneti ampokee, ingawa bado ananyonya na mimi nitateseka na maziwa. Nilipofika kwenye (a) nilitaka kuandika mahali pa kumlaza, mkono ukagoma. Lishusheni kwanza lile rundo. Mkishalishusha nitamleta mwenyewe umwone. Ana jino moja, la chini, limeota mapema, na anamchekea kila mtu.