Nimehitimisha Ndani ya Gari la Watu

Jamani, leo nimejiaibisha mpaka sasa hivi masikio bado yanawaka.

Asubuhi nilikuwa na mtihani wa kuombea kazi benki, kule Ruwi, hapa hapa Muscat. Nimeshaanguka mara mbili, zote kwa maswali ya mantiki: yale ya "A ni kubwa kuliko B" na "baadhi ya paka ni weusi". Safari hii nimejifua kweli. Herufi hazinikai kichwani, kwa hiyo nazipa majina ya watu. (Msiniulize kwa nini. Zinakaa.)

Kaka yangu Khalfan ndiye aliyenipeleka. Tulipofika Qurum akasimama mbele ya duka la chai, akapiga honi aletewe chai garini, kama tunavyofanya sote hapa. Mimi nikashuka duka la pili kununua kalamu. Nikarudi taratibu, nusu niko Muscat, nusu niko kwenye maswali. Jua laini, kuta nyeupe, majina yanaelea kichwani. Nikaona gari jeupe linanguruma, nikaingia mbele.

Gari la Khalfan ni jeupe. Hili ni jeupe. Basi hili ni la Khalfan. (Ndilo kosa la kwanza kabisa unaloonywa ukianza kujifunza mantiki.)

Ndani baridi tamu, na chai ya iliki iko tayari; Khalfan nikadhani kashuka kidogo. Nikanywa, nikafumba macho, nikaanza kughani:

"Salim mkubwa kuliko Nasra. Nasra mkubwa kuliko Hamdu. Basi Salim mkubwa kuliko Hamdu."

"Siye," ikasema sauti nyuma yangu. "Hamdu ndiye mkubwa."

Nikadhani ni usingizi unanijibu. Nikasema kwa upole, "Swali ndivyo linavyosema."

"Limekosea. Mie nnawajua wote watatu. Hamdu nimemlea kwa mikono yangu."

Nikafumbua macho. Kwenye kioo nikamwona bibi kizee kiti cha nyuma, kajitanda kanga, ananitazama kwa huruma.

Mara mlango wa dereva ukafunguliwa. Mwanamme wa makamo, kanzu imenyooka, kashika mkate. Akanitazama mimi, akatazama kikombe.

"Mama, nani huyu?"

"Mwalimu wa hesabu," bibi akajibu. "Lakini hajui watu. Na chai yako keshainywa."

Nikaomba radhi kwa lugha zote ninazozijua, nikatoka kinyumenyume. Khalfan alikuwa gari la tatu kutoka pale, kalalia usukani, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Kumbe aliniona tangu naingia.

Tukafika Ruwi. Nimekaa ukumbini, moyo umeanza kutulia, msimamizi akaingia. Ni yule yule mwenye gari. Mkononi ana chai nyingine. Akaiweka mezani, akazungusha macho ukumbi mzima mpaka akanipata.

"Kabla hatujaanza," akasema, "kikombe hiki ni changu. Nasema mapema, kwa sababu leo kuna mtu kahitimisha vingine."

Watu wakacheka bila kujua wanamcheka nani. Mimi nikacheka kuliko wote, kwa woga.

Ajabu ni kwamba maswali yalinifungukia moja baada ya jingine, kama niko ndotoni. Nimejibu yote, na najua nimepata. Tulipokuwa tunatoka akatangaza kwamba watakaofaulu atawahoji yeye mwenyewe, ana kwa ana.

Sasa nimejifunika shuka gubigubi, naipanga hoja. Wote waliofaulu watahojiwa na yeye. Mimi nimefaulu. Safari hii hitimisho langu ni sahihi kabisa, na silitaki.