Chupa Kumi na Mbili za Kupeleka Kalengera

Jumatatu, 10 Mei 2021

Kikao cha familia hapa Goma, mtaa wa Katindo, kwa kaka yangu mkubwa, muzee Twagirimana. Kijana wake Gisubizo anaoa. Dot, yaani sherehe ya kutoa mahari, ni tarehe 29, Kalengera, nyumbani kwa binti. Limebaki swali moja: nani atakuwa umukwe mukuru, yaani msemaji wa upande wetu mbele ya wakwe?

Ndayambaje akakohoa. Huyu ni mume wa dada yetu. Amesema katika dot tatu zilizopita, na hukohoa hivyo kila anapotaka kuteuliwa. Nami nikakohoa. Kaka akachoka na kikohozi, akaamua: kabla ya maneno kuna kinywaji, basi kila mmoja wetu alete chake. Yule ambaye kinywaji chake kitapokewa na wakwe ndiye atakayesema.

Marehemu baba alikuwa umukwe mukuru wa kuitwa hadi Masisi. Mimi nina miaka hamsini na nne, nimefundisha jiografia miaka ishirini na saba, na katika harusi zote za ukoo sijapewa zaidi ya sala ya kufungua. Inaniuma. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Jumatano, 12 Mei

Dukani kwa Mama Nyiramahirwe. Anauza divai za kwetu tu: ya ndizi, ya nanasi, ya marakuja, yaani pasheni. Nimemweleza mwinuko wa kila eneo, mvua yake na faida za udongo wa volkano. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema: "Papa, mutu hanywi udongo. Mutakula nini?"

Mbuzi, nikasema. Maharagwe, wali.

Akanipangia. Kwa nyama ya mbuzi, divai ya nanasi isiyo na sukari nyingi. Kwa wazee, ya ndizi iliyotulia mwaka mzima. Ya marakuja ni tamu, ije mwisho. Mwenye mfuko mdogo achukue chache zilizo bora kwa meza ya wazee, wageni wengine wapewe ya kawaida, na hakuna atakayenuna. Kuonja ni kidogo kidogo, na mkate katikati, halafu mtu anatema kwenye ndoo. Kutema mbele ya mama wa watu siwezi. Nilimeza zote sita.

Ile ya mwaka mzima nilipoionja nilisahau mkate. Nzuri kweli. Nikaitaka yote. Mama akasema hilo lilikuwa tone la mwisho, chupa zote kumi na mbili zimenunuliwa jana na muzee mmoja mwenye kikohozi.

Nimechukua kumi na mbili za ndizi changa, kwa nusu ya bei. Mama ameonya kwamba hii bado inachemka ndani, isimamishwe wima mahali pa baridi, na inywewe kabla ya juma kwisha. Maneno ya wafanyabiashara.

Jumamosi, 15 Mei

Nimeanza kuzeesha divai. Kiwanja chetu kiko juu ya mawe ya lava ya 2002, na nyuma ya jikoni kuna shimo lenye ubaridi mzuri. Mawe yale yalikuwa moto wa ajabu, leo ni baridi: nani ajuaye muda kuliko jiwe la namna hiyo? Siku kumi na nne shimoni naona zinatosha kuwa mwaka.

Chupa nimezilaza, kama kwenye picha ya Ufaransa iliyo ofisini kwa prefe, mkuu wa shule yetu. Mke wangu, Mama Hitimana, ameuliza kama mwenye duka hakusema zisimame. Nimemjibu kwamba mwenye duka hajasoma jiografia. Ameenda kuanika nguo.

Jumanne, 18 Mei

Mpango wa pili. Nimemtembelea Ndayambaje. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kama ndugu, kwamba baba wa binti, muzee Mbarushimana, ameokoka. Hagusi pombe. Akiletewa divai atafunga mlango.

Uongo mtupu. Krismasi huyo muzee alinywa nami mpaka tukasahau majina. Lakini Ndayambaje aliweka mkono kifuani, akanishukuru mara mbili. Jioni alirudisha chupa zake dukani, akabadilisha na juisi ya marakuja.

Mama Nyiramahirwe amenipigia simu: ile nzuri imerudi, aniwekee? Nimekataa. Yangu inazeeka vizuri.

Jumapili, 23 Mei

Volkano ilipasuka jana jioni. Tulikesha nje pamoja na mji mzima, mbingu nyekundu. Lava imesimama kabla ya kutufikia, ila watu wa Buhene wamepoteza nyumba, na wengine wamepoteza watu wao. Leo sina mzaha wa kuandika.

Ardhi inatetemeka kila baada ya muda mfupi. Nimeenda kuangalia shimo. Chupa zote nzima.

Ijumaa, 28 Mei, Sake

Jana asubuhi serikali ya kijeshi ya mkoa ilitutaka tuhame. Kila mtu akabeba godoro, sufuria, mbuzi. Mama Hitimana alikodi chukudu kwa ajili ya unga na blanketi. Nilipanga chupa chini kabisa, zikiwa zimelala, kabla hajaangalia.

Chukudu ni mbao na magurudumu ya mbao, barabara ni mawe. Tulipofika Lac Vert, njiani kuja huku, pa! Kisha pa, pa! Watu wa huku wanaijua sauti hiyo tangu utotoni. Barabara nzima ililala chini: mama na watoto wao, padri, wenye magodoro wakajifunika magodoro. Nami nililala. Askari wakaja mbio, wakauliza nani amefyatua. Pa, pa, pa, pa! tena, na povu likatiririka kutoka chini ya blanketi zetu.

Nikainua mkono. Nikaeleza kwamba ni divai. Askari mmoja alinusa unga wetu, akacheka mpaka akakaa chini. Wengine wote waliinuka bila kucheka. Leo tumekula ugali wenye harufu ya ndizi.

Zimebaki tano. Zilizo dhaifu zimejiondoa zenyewe.

Jumapili, 13 Juni

Tumerudi Goma, na dot iliyoahirishwa imefanyika jana Kalengera. Naandika polepole, kichwa kinauma.

Muzee Mbarushimana alitupokea mlangoni akiwa na Biblia. Usiku ule wa moto alikuwa shambani, akaiona mbingu, akapiga magoti na kuapa: tone la pombe halitapita tena kinywani mwake. Ameokoka! Mke, ndugu, jirani, wote wameokoka. Ndayambaje akaweka juisi yake mezani. Wazee wakashangilia, kumbe kuna mkwe anayejua kuheshimu nyumba.

Mimi nilikuwa tayari nimefungua chupa. Kwa desturi yetu, anayeleta kinywaji huonja kwanza, ili wote waone hakina sumu. Nikaonja. Nikampa muzee. Akarudisha mikono nyuma. Nikampa ndugu yake, naye vilevile. Basi hapo mambo yakawa mabaya: mtu ameonja, na hakuna aliyemfuata. Mama mmoja akanong'ona. Nikanywa glasi nzima kuonyesha hakuna sumu. Wakazidi kunitazama. Nikanywa ya pili. Kufikia chupa ya tatu nilikuwa nimethibitisha kabisa, na nikaombwa nikapumzike karibu na gari.

Kutoka kule garini nilimsikia Ndayambaje akisema. Alisema vizuri, lazima nikiri, karibu kama baba. Mwisho akanitaja kwa jina mbele ya watu wote. Alisema shemeji Védaste ndiye aliyemwambia ukweli kuhusu nyumba hii, tena alijua mapema, na bila yeye tungeaibika. Watu wakapiga makofi. Nililia kidogo. Wakadhani ni divai.

Jumatatu, 14 Juni

Kichwa kimetulia, nimefikiri vizuri. Mpango haukuwa na kosa. Divai ilikuwa nzuri. Mimi peke yangu ndiye shahidi, lakini shahidi wa chupa tatu. Kilichoharibu ni volkano, na hilo si kosa la mtu.

Mchana Ndayambaje amekuja na kuku wa kunishukuru. Desemba ni dot ya Donat, kijana wa dada yetu mwingine. Ameuliza kwa heshima kama nina habari yoyote ya wakwe wapya, watu wa Masisi, maana sasa hawezi kununua kinywaji bila ushauri wangu.

Nawajua. Wanakunywa kuanzia asubuhi.

Nimetikisa kichwa kwa huzuni, nikamwambia hao nao wameokoka, wote, hata babu. Amenishika mkono kwa nguvu, akaenda. Kesho asubuhi niko dukani kwa Mama Nyiramahirwe kuchukua kumi na mbili za ndizi changa. Safari hii nitazizeesha miezi sita. Na nimepima kwenye ramani ya darasani, kwa rula: kutoka volkano mpaka kwao ni mbali vya kutosha.